Bwana Asiyeinuka Kwenye Wimbo

Ukimletea cherehani iliyokufa atakuambia sawa. Ukimwambia unaitaka kesho, sawa. Ukirudi kesho ukamkuta hajaigusa, ukamfokea mbele ya wateja mpaka mate yakakauka, atakuambia sawa vilevile, tena kwa upole. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Sawa, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki la kitambulisho tu.

Watu walimpenda kwa tabia hiyo. Kumpenda mtu wa namna hiyo ni rahisi kama huishi naye. Aliyeishi naye alikuwa mkewe, naye alichoka. Asubuhi moja, miaka kumi na kitu iliyopita, mama huyo alibeba sanduku lake akaenda zake mji mwingine, na baadaye akaolewa na mwenye duka la dawa. Mtoto wao wa pekee, wa kiume, alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Akabaki kwa baba, na kwa mama akawa anakwenda likizo. Kila aliyeuliza ilikuwaje, Fundi alimpa jibu lilelile: "Ghafla tu. Niligeuka, hayupo." Alilirudia mpaka likamkaa mdomoni kama sala, na mwenyewe akaliamini.

Sasa mtoto alikuwa kijana wa chuo, anasomea mambo ya filamu. Alikuwa mrefu kumpita baba yake, mpole wa maneno lakini mgumu wa kichwa, na wenzake walimwita Bosi. Jioni moja alirudi akamkuta baba yake sebuleni, amefungua cherehani juu ya meza kubwa kama kawaida, maana kibanda chake cha kazi kilikuwa kidogo na kazi nyingine zilimfuata nyumbani. Bosi akavuta kiti.

"Baba, mwalimu katupa kazi. Tuchague wimbo uliokwishatoka, tuutengenezee video. Tunapanga wenyewe, tunaigiza wenyewe. Wenzangu wanataka tufanyie hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa sebuleni."

"Sawa," akasema Fundi. Halafu akauliza, kwa adabu tu, ni wimbo gani.

Bosi akautaja. Fundi akainama kutafuta bisibisi ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Ulikuwa wimbo wa zamani, wa mwanamke anayemuaga mumewe, beti baada ya beti, na mume hajibu. Watu huucheza harusini, sijui kwa nini, nadhani hawasikilizi maneno. Ulikuwa wimbo wa mkewe. Aliuimba akifua, aliuimba akimwogesha mtoto, na sauti yake haikuwa nzuri lakini alikuwa haoni haya. Tangu aondoke, kila redio ilipoupiga, Fundi alikumbuka ghafla kwamba betri zinaisha, akaizima. Nyimbo zimejaa duniani kama mchanga, na kijana akauchagua huo. Fundi hakuuliza kwa nini. Kijana naye hakueleza. Nyumba ile ilikuwa hodari kwa kutosema.

Kikundi kilikuwa cha watu watatu. Mbali na Bosi, kulikuwa na binti mmoja mcheshi waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, na kijana mnene mwenye kamera ya chuo shingoni, ambaye naye walimwita Kamera wakamaliza kazi. Walikuja na karatasi walizochora vibonzo, wakazibandika ukutani juu ya kochi, kila karatasi na kipande chake cha wimbo.

"Shikamoo baba. Tumekuja kukuvurugia nyumba," akasema Chiriku.

"Marahaba. Haikuwa imenyooka sana."

Wakamweleza utaratibu. Wimbo hauguswi, hiyo ndiyo amri ya mwalimu. Hauongezwi, haukatwi, haurudishwi nyuma. Kila kinachotokea kwenye picha lazima kitoshee ndani ya wimbo kama mguu ndani ya kiatu, na kiatu hakitanuki. Fundi akatikisa kichwa kwa kuelewa. Akapita karatasi moja baada ya nyingine, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ghala. Mwanamume amekaa mezani, anatengeneza kitu. Mwanamke anapanga nguo. Mwanamke anapita na sanduku. Mlango. Mwanamume amekaa vilevile.

"Huyu bwana anatengeneza nini?" akauliza.

"Chochote," akajibu Bosi haraka. "Lakini kwa kuwa cherehani ipo hapa, tutatumia hiyo."

"Sawa."

Ikabaki shida moja: nani awe mume? Walihitaji mtu mzima. Baba yake Chiriku alisema hana muda wa michezo ya watoto. Mjomba wake Kamera alikubali mara moja, kisha akataka acheze dansi, na alipoambiwa hakuna dansi akataka basi afe mwishoni. Macho ya wote watatu yakamgeukia Fundi.

"Mimi sijui kuigiza," akasema.

"Si kuigiza, baba," akasema Chiriku. "Ni kukaa tu. Unajua kukaa?"

Kamera akacheka. Fundi akamtazama mwanawe, akitumaini atasema hapana, mwacheni mzee. Bosi alikuwa anabandika upya karatasi ambayo haikuwa imebanduka.

Maskini Fundi, neno likamtoka lilelile.

Siku zilizofuata hakulala vizuri. Alikuwa akinywa chai ya asubuhi amesimama mbele ya ukuta ule, na kila alipofika karatasi ya mwisho moyo ulimuuma. Si kwamba aliona aibu kuonekana. Jambo lilikuwa hili: video ikikamilika, Bosi angemtumia mama yake. Kila kazi ya chuo alimtumia. Kwa hiyo mwanamke yule angekaa nyumbani kwa mwenye duka la dawa, na simu mkononi, na angemwona Fundi amekaa kwenye meza ileile, sebule ileile, anaachwa kwa mara ya pili bila kunyanyua hata tako. Angalau mara hii, akawaza, bwana huyu angeinuka. Afike mlangoni tu. Asimrudishe, hakuna anayeomba miujiza, lakini mama yule aone mtu ameinuka.

Walipokuja tena kupanga, alikohoa, akakohoa tena.

"Nilikuwa nauliza. Huyu bwana... kwa nini asiinuke?"

"Wapi?" akauliza Kamera.

"Mwanamke akipita. Ainuke, amfuate kidogo."

Chiriku akapiga makofi. "Hata mimi nilisema! Watu watalia."

"Hana nafasi," akasema Bosi. "Ubeti unaisha, kibwagizo kinaingia."

"Na pale pa gitaa tupu?" Fundi alikuwa ameusikiliza wimbo wote kwa siri, kibandani, mlango umefungwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Pale katikati hakuna mtu anayeimba. Pana nafasi kubwa pale."

"Pale pana mlango."

"Mlango unafanya nini muda wote huo?"

"Uko wazi."

"Mwanangu, mlango ukae wazi kipande chote kile cha gitaa, na mtu akose nafasi ya kuinuka?"

Kamera akamtazama Bosi, Chiriku akatazama dari. Bosi alikuwa amebadilika uso, amekuwa na ule ukimya ambao Fundi aliujua vizuri kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe, alimrithisha.

"Hainuki, baba," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Ungekuwa wewe ungegombana. Ungesema hii ni nyumba yangu, meza yangu na uso wangu, kwa hiyo nitainuka nikitaka. Fundi aliyafikiria yote hayo, na yalikuwa maneno mazuri, ila yalimjia kesho yake njiani, wakati hakuna wa kumwambia. Hata hivyo alijiapia jambo moja. Siku ya kujaribu, mwanamke akifika nyuma yake, atainuka. Wakishaona kwa macho, watakubali. Kuona si sawa na kuchora.

Siku ya majaribio ikafika, Jumamosi, jua linaingia sebuleni vizuri. Walisogeza kochi, wakaweka kamera kona ya kabati. Fundi alikuwa amevaa shati jipya. Bosi akamrudisha chumbani akavae la kazi. Kisha wakamweleza jambo ambalo hakulitarajia. Sehemu ile ya sanduku na mlango walitaka ionekane polepole, kama ndoto. Ili iwe hivyo, wimbo ungepigwa mbio mara mbili, nao waigize mbio mara mbili, halafu kwenye kompyuta kila kitu kinapunguzwa mwendo, wimbo unarudi ulivyo na watu wanaonekana wanaelea.

"Kwa hiyo ni haraka?" akauliza Fundi.

"Haraka sana, mzee," akasema Kamera. "Ukipiga chafya imekwisha."

Wakaanza. Ule wimbo mzito ukatoka kwenye spika mwembamba na mkali, mwimbaji anaaga kama panya aliyebanwa mkia. Chiriku akapita nyuma na sanduku tupu, miguu inakimbia, uso una huzuni. Fundi akajisemea moyoni, sasa. Akainuka. Goti likagonga meza, cherehani ikaruka, kiti kikaanguka nyuma, na alipogeuka akakuta mlangoni hakuna mtu, gitaa limekwisha na kibwagizo kimefika katikati.

Kamera alicheka mpaka akakaa chini. Chiriku akarudi kuchungulia. "Baba, umeumia?"

"Sikuumia."

Bosi hakucheka. "Nendeni mkanunue maji," akawaambia wenzake. "Tutarudia mkirudi."

Walipotoka, kijana akainua kiti, akamketisha baba yake kwa kumshika mabega, kama yeye ndiye mzazi. Akaisogeza cherehani mahali pake. Akauchukua mkono wa kulia wa Fundi, akauweka juu ya gurudumu.

"Mkono ulikuwa hapa," akasema. "Ulikuwa unazungusha taratibu, unasikiliza. Kichwa umeinamisha hivi. Alikuambia, 'Mimi nakwenda.' Ukasema, 'Ngoja nimalize hii.'"

Fundi akainua kichwa. "Nani kakuambia? Mama yako?"

"Hatujawahi kuzungumza na mama habari hiyo."

"Wewe ulikuwa umelala."

"Nilikuwa pale." Akaonyesha kwa kidevu kona ya kuelekea vyumbani. "Nilikuwa nimevaa sare, natafuta soksi. Baba, hakuondoka ghafla. Kila mtu unamwambia ghafla. Alifungua mlango, akaweka sanduku chini, akasimama. Alisimama akikutazama mgongo. Alisimama mpaka nikadhani ameghairi. Ndiyo maana mlango uko wazi pale pa gitaa. Sikuwa na mahali pengine pa kumweka."

Nje gari lilipita, likaenda zake. Fundi alitaka kusema hakujua. Ilikuwa kweli, hakujua, lakini kweli yenyewe ilikuwa haina msaada.

"Ungeniita," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, si ya kulaumu. "Ungesema 'baba' tu. Neno moja."

Kijana akachuchumaa kando ya kiti, akawa anatazama miguu ya meza.

"Aliniona. Akaweka kidole mdomoni, hivi. Nikanyamaza." Akafuta pua kwa kiganja. "Alikuwa ameniambia ninyamaze, baba. Nilikuwa mtoto. Nilidhani anataka kukushtua kwa furaha, kama siku ile aliyokuletea keki."

Wanasema majuto ni mjukuu, huja mwishoni. Ya nyumba hii hayakusubiri mjukuu, yalikua humuhumu, yakalala chumba cha pili, yakala meza moja na Fundi miaka yote hiyo na kumwambia kila asubuhi amlipie nauli ya shule. Fundi akautoa mkono kwenye gurudumu, akauweka juu ya kichwa cha mwanawe. Alitafuta neno, hata lile lake la siku zote, hakuliona.

Hatua zikasikika nje, na sauti ya Chiriku ikawatangulia, analalamikia bei ya maji. Bosi akasimama haraka, akajipangusa, akaenda nyuma ya kamera.

"Nikiinuka mwishoni kabisa je?" akauliza Fundi. "Hata kama ameshaondoka?"

"Wimbo unakuwa umekwisha, baba."

Wakajipanga upya. Kamera akasema tayari. Wimbo ukaanza kwa mbio zake, na Chiriku akapita nyuma, hatua za haraka, upepo wa gauni lake ukampiga Fundi shingoni. Komeo likalia. Sanduku likawekwa sakafuni. Gitaa likaingia.

Fundi aliinamisha kichwa akazungusha gurudumu. Mlango ulikuwa haujafungwa, na hewa ya nje ilimfika mgongoni, kwa hiyo alijua mtu bado amesimama pale anamtazama. Akaendelea kuzungusha.