Rizista Aliyoing'oa Baba

Leo fundi wa jirani amechoma rizista. Harufu ile chungu imenirudisha utotoni, jikoni kwetu, alasiri ya mvua ya mawe, gunia la majani ya chai likichuruzika mlangoni.

Nilikuwa nikiunda saketi kwenye simu ya mama, katika programu ya kuchezea umeme. Ukiondoa rizista, kile kidude kinachopunguza nguvu ya betri, taa ya kwenye kioo cha simu inalipuka.

Baba alichungulia. "Hicho kinakula stima bure. Hata chai ukitaka ichipuke unaikata."

"Bila hicho taa itaungua, baba. Ona."

"Hiyo ni gemu. Wewe ndio utanifunza?"

Akaishusha taa yetu ya sola, ya pekee, aliyoiunda mwenyewe. Akang'oa rizista, akaunganisha waya. Ikawaka nyeupe kupita kiasi. Akanigeukia akicheka, nayo ikatoa moshi nyuma yake.

Kofi lilifika kabla sijafungua mdomo. "Ulimi wako ndio umeichoma!"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye mboga za managu alizokuwa akichambua. "Mwombe baba yako msamaha."

Nikaomba. Kisha nikaenda nyuma ya zizi, nikailipua ile taa ya kwenye kioo, tena na tena, mpaka simu ikazima.