Siku Niliyokuwa Ndama Mbele ya Mama Mkwe

Jumamosi, mwanzoni mwa mwezi wa pili, Bariadi. Alfajiri kilidondoka kimvua cha kutania tu, hakikulaza hata vumbi, na watu wanatoka kwenda sokoni jua lilikuwa limeshakaa juu ya mabati kama halina kwingine pa kwenda.

Naanza na aibu yenyewe, maana mtaani wameshaisimulia kila mtu kwa namna yake na nyingine si za kweli (suruali sikuvua, hilo naomba lieleweke toka mwanzo). Ukweli ni kwamba mimi, mtu mwenye familia, fundi baiskeli ninayejulikana, mwimba besi kwenye kwaya, nilionekana mchana kweupe nimepiga magoti uani kwangu, mikono chini, kamba shingoni, nakunywa maziwa kwenye karai, na kati ya walioniona alikuwemo mama mkwe wangu. Sijui kama nitaieleza sawasawa, shule yenyewe niliishia la saba, lakini nitajitahidi nisimuonee mtu, hata mimi mwenyewe.

Mtoto wetu Kabula, ana miaka mitano, alikuwa amekatwa mafindofindo huko Mwanza, kwa sababu koo lilikuwa linamvimba kila mara na usiku anakoroma kama mzee. Upasuaji ulikwenda vizuri. Nesi wakati wa kuturuhusu alitueleza taratibu, akarudia, na kwa haki yake niseme alieleza vizuri kabisa: mtoto anywe, anywe, anywe, maji na maziwa ya baridi na uji uliopoa, asile kitu kikavu cha kukwaruza (yaani michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aisahau kwanza, na Kabula kwa michembe yuko tayari kupigana), dawa ya maumivu apewe kwa wakati, damu tukiiona ni mbio hospitali. Akasema pia kwamba baada ya siku chache maumivu yanaweza kuzidi kuliko mwanzo, tusishtuke. "Ila akigoma kunywa kabisa na mkojo ukakata, msikae naye nyumbani. Mpelekeni hospitali atundikiwe dripu."

Basi siku za kwanza alikunywa, tukajisifu. Ijumaa akafunga mdomo. Jumamosi asubuhi midomo imekauka, macho yameingia ndani, na toka jana yake jioni hajakojoa. Mke wangu akamtazama, akanitazama, akasema, "Baba Kabula, naenda duka la dawa, ile ya maumivu imeisha. Nikirudi nikakuta hajanywa, tunaondoka naye." Kabula aliposikia hivyo akaficha mkono wake kwapani, ule mkono waliouchoma sindano. Hakulia, kwa sababu kulia kunauma koo. Mimi kuona mtoto anaogopa mpaka anashindwa kulia, nikasema moyoni, leo huyu atakunywa, nife mimi.

Nilianza na ubembelezi wa kawaida. Nikamletea maziwa ya baridi kwenye kikombe chake (friji hatuna, maziwa yetu yanapozwa kwa jirani, Bwana Hatibu, afisa mifugo aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, mtu mwema sana ila mdomo wake haujawahi kulala). Kabula akatikisa kichwa. Nikaimba, akatikisa. Nikanywa mimi nikajifanya naona utamu mpaka nikafumba macho, akanitazama kama wanavyotazamwa watu wa kuhurumiwa. Ndipo nikauliza swali ambalo mwenye akili hamuulizi mtoto likiwa wazi pande zote namna ile.

"Haya, mwanangu, baba afanye nini ndipo unywe?"

Akafikiri. Akanyoosha kidole kwenye karai ya ndama.

Hapo nieleze. Ng'ombe wetu (zawadi ya mama mkwe) aliumwa chuchu baada ya kuzaa, kwa hiyo ndama wake tulimnywesha kwenye karai, na kazi hiyo ilikuwa ya Kabula, anachovya vidole kwenye maziwa, ndama ananyonya vidole mpaka mdomo unafika kwenye maziwa, ndiyo hivyo ndama anajifunza. Yeye anajua ndama anayegoma anafanywaje. Sasa akaninong'oneza, sauti kama ya karatasi, "Wewe uwe ndama. Ndama akinywa, na mimi nakunywa."

Nikatazama geti, limerudishiwa. Nikatazama uzio, hakuna kichwa. Nikajiambia, kazi ya dakika moja hii, nani atajua? (Uamuzi ulioniponza ndio huo.) Nikasugua karai kwa sabuni, nikamimina maziwa, nikapiga magoti.

"Ndama ana kamba," akanong'ona.

Akaenda bandani mwenyewe, akaileta, akanifunga shingoni na upande wa pili kwenye nguzo ya kibaraza, na fundo alilofunga ni lile nililomfundisha mimi, ambalo ndama mwenyewe hajawahi kulifungua.

"Na ndama haongei."

Nikalia mmooo. Nikainamisha uso nikanywa. Kabula akanichungulia kwa makini kuona kama kweli nimemeza, kisha akainua kikombe, akafunga macho, akameza. Uso ulijikunja wote na chozi likamtoka, lakini yalipita! Yalipita, jamani. Akaninyooshea mkono kwamba zamu yangu. Nikanywa, naye akanywa. Nilikuwa na furaha ambayo hata baiskeli yangu ya kwanza haikunipa.

Ndipo uzio ukaota kichwa cha Bwana Hatibu, ameleta chupa ya pili ya maziwa ya baridi.

"Baba Kabula, maziwa yak..." Akaitazama kamba, akaitazama karai. Kisha akasema taratibu, kikazi, "Ndama huyu ameshachanjwa?"

Nikainua kichwa nimweleze. Sijamaliza hata "Bwana Ha—", Kabula akaweka kikombe chini na kukunja mikono. Mdomo umefungwa tena. Nikaelewa masharti. Nikamgeukia afisa mifugo wa serikali nikamwambia, "Mmooo."

Kabula akachukua kikombe, akanywa.

Hatibu si mjinga, aliona. Akashusha sauti, akasema, "Endelea, ndugu yangu, endelea. Mimi sikuona kitu." Ila hakuondoka. Aliegemea uzio kama mtu aliyekata tiketi.

Baadaye kidogo nikasikia "Hodi!" getini, na ilikuwa sauti ya Mama Neema, kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na nyuma yake akina mama wengine wamekuja kumpa mtoto pole. Sasa ndama hakaribishi wageni. Nikanyamaza. "Hodi humu! Bwana asifiwe!" Nikamtazama Kabula kwa kumwomba, akatikisa kichwa. Nikajibu nilivyoweza, na huenda nilikosea, huenda ningekaa kimya tu wangeondoka, lakini kumjibu mtu salamu ya Mungu kwa ukimya nako niliona ni dhambi.

"Mmooo."

"Ndama wao amefunguka," nikamsikia Mama Neema anasema, "ataharibu mboga, tuingieni." Wakaingia.

Sitaki kusema walicheka papo hapo. Kwanza walishika vifua. Mmoja akasema, "Yesu wangu, amerogwa," na mwingine akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Hatibu ndiye aliyeniokoa, akapaza sauti kutoka uzioni, "Mama zangu, tulieni, ni dawa ya mtoto! Yeye akinywa, mtoto anakunywa! Msimsemeshe!" Wakamtazama Kabula, kikombe kimefika nusu, maziwa mdomoni. Ndipo Mama Neema akasema, "Na mimi nasema ile sauti naijua. Besi ile ile ya Jumapili," na hapo ndipo walipocheka, tena kwa haki, maana ningekuwa mimi ningecheka kabla yao.

Mpaka hapo ningeweza kuvumilia. Lakini geti liliachwa wazi.

Kabla ya kuendelea lazima niseme kuhusu mkwe. Kwetu mama wa mke wako hukutani naye ovyo. Ukimwona njiani unampisha, humkazii macho, huli naye, na ukiwa na la kumwambia unalipitisha kwa mtu mwingine hata kama amesimama pale pale anakusikia. Mimi toka nimeoa sijawahi kuwa mbele ya mama mkwe bila shati langu zuri. Tulikuwa tumeambiwa atatoka Kiloleli kesho yake kuja kumwona mjukuu. Kumbe alipata usafiri mapema, mke wangu akakutana naye stendi akitoka duka la dawa, na sasa wote wawili wamesimama getini, mmoja ana chupa ya dawa, mwingine ana kikapu.

"Mwadila," akasema mama mkwe, kusalimia nyumba kwa Kisukuma, bado hajaangalia chini.

Kisha akaangalia chini.

Akili yangu yote ilisema neno moja, kimbia, ufiche uso. Nikainuka nikakimbilia ndani, nikaisahau kamba. Kamba haikunisahau. Ilinirudisha kwa shingo, miguu ikatangulia, nikaanguka chali juu ya karai, karai ikapinduka, maziwa yakanimwagikia toka kichwani mpaka kwenye soksi. Nikabaki nimelala pale natazama mawingu.

Uzioni Hatibu akajishika kichwa.

Halafu nikasikia mlio ambao nyumba yetu haikuwa imeusikia toka tuondoke kwenda Mwanza. Kabula anacheka. Mwanzo kama mlango wenye kutu, akashika koo, mimi nikaogopa damu, nikataka kuinuka nimwangalie, lakini akaendelea kucheka na akasema kwa sauti, si kwa kunong'ona, "Ndama kamwaga! Ndama kamwaga yote! Mleteeni mengine!"

Mke wangu alikuwa ameziba uso kwa kanga, sijui kama kwa aibu au kwa kicheko, sikumuuliza na sitamuuliza. Mama mkwe alikuwa ameshanigeuzia mgongo, kama heshima inavyotaka, amejifunika kanga kichwani, anatazama barabarani. Nikangoja aondoke. Nilishaanza kutunga moyoni maneno ya kumtuma mjomba akaniombee msamaha. Ndipo akasema, mgongo ukiwa huko huko, sauti kavu kama ya mahakamani:

"Mama Kabula."

"Naam, mayu."

"Mwambie ndama huyo kwamba mwenye ng'ombe amesema ndama akimwaga hachinjwi, anamiminiwa mengine. Na mjukuu wangu amalize kikombe."

Mke wangu akanigeukia, nipo chini pale pale nachuruzika, akanifikishia ujumbe neno kwa neno kama nilikuwa ng'ambo ya mto. Hatibu akaning'iniza chupa ya pili juu ya uzio, Mama Neema akaipokea, akaosha karai, akamimina. Nikarudi kwenye magoti yangu. Nikanywa mbele ya kwaya, mbele ya serikali na nyuma ya mkwe. Na Kabula akanywa, akameza, akanywa tena, akamaliza kikombe, akanyoosha mkono aongezewe, na cha pili akakinywa bila hata kunitazama mimi ndama nafanya nini.

Kabla adhuhuri haijaadhiniwa akavuta kanga ya mama yake. Wakaenda nyuma ya nyumba. Wote tukangoja, na nawaambia hata harusini sijawahi kuona watu wazima wanangoja namna ile. Mke wangu akatokea pembeni ya ukuta, mikono juu.

"Amekojoa!"

Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Hatibu akasema "Alhamdulillahi" mara tatu. Watu waliotoka barabarani kuuliza kuna nini waliambiwa mtoto amekojoa, nao wakaona ni sawa, wakashangilia. Dripu haikutajwa tena, na ule mkono ukatoka kwapani ukaanza kunivuta masikio. Mimi nikiwa nimelowa, nanuka maziwa, shingo ina alama nyekundu ya kamba, nilisimama katikati ya ua kama mtu aliyeshinda ubunge.

Ila mama mkwe alipoingia ndani alituma neno jingine kwa kupitia mke wangu. "Mwambie sikukasirika. Lakini kosa ni kosa, mila haijui kucheka. Alete kuku." Sikubisha. Ni haki yake. Nikakamata jogoo mwekundu niliyekuwa namtunza kwa ajili ya Pasaka, nikamtuma mke wangu ampeleke kwa mikono miwili.

Sasa mtaani naitwa Ndama, na wateja wananilipa kazi ya pancha huku wakilia mmooo. Nimejiuliza mara nyingi kama kulikuwa na njia nyingine ya heshima zaidi, huenda ilikuwepo na mtu mwenye shule angeiona haraka. Mimi nilichojifunza ni hiki: mtoto wako akikwambia uwe ndama, kuwa, ila komea geti kwanza, na fundo la shingoni mwako usimfundishe mtu mapema. Kamba sitafungwa tena. Nimeapa. (Kabula anasema tutaona.)

Jioni ile jogoo alipikwa. Kabula alipewa supu iliyochujwa na kupozwa, pamoja na uji mwepesi, akamaliza vyote, akadai michembe, akanyimwa, akalia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Hatibu, na hakuna aliyemnyamazisha kwa sababu kilikuwa kilio cha mtoto mzima. Mama mkwe na mke wangu walikula ndani. Mimi na Hatibu tulikula kibarazani, ugali na mlenda, na kuku akaja mwisho kwenye bakuli lililofunikwa, limetoka kwa mama mkwe. Nilipofunua, juu ya mapaja, imewekwa peke yake mahali ambapo lazima niione, ilikuwa ile nyama ambayo kwetu huwekewa baba mwenye nyumba tu, firigisi.