Lori la Mjomba Ndani ya Kompyuta

Bado naiona asubuhi ile ya Mkunya, kijijini kwetu Newala, mwanangu. Ukungu haujatoka kwenye mikorosho, na gari la kwenda Masasi limeshapiga honi mara mbili barabarani. Nilikuwa na begi mgongoni, mkono mmoja juu ya kipanya cha kompyuta, na moyo wangu wote umeshapanda gari. Nakuandikia habari za asubuhi hiyo kwa sababu nilikosea kwa dakika kumi tu, lakini kosa lenyewe lilikaa nyumbani kwetu miezi minne, na aliyeumia si mimi.

Sijawa mzee wa mkongojo. Nina miaka arobaini na kitu, shule yangu iliishia kidato cha nne, na miguu yangu haijatulia tangu hapo. Nimekaa Tunduru, Songea, Lindi, nikarudi Masasi, nikaondoka tena. Popote nilipokuwa, harufu ya mabibo yaliyoiva ilinikumbusha Newala mpaka nikafungasha. Nikifika Newala, wiki haiishi nishaanza kuitazama barabara. Ndivyo nilivyo, na sehemu ya kosa langu ilitokana na hilo.

Basi nikujulishe kwa Mjomba Bakari, kaka yake mama. Kwetu sisi, mjomba ndiye mwenye neno kwa mtoto wa dada yake. Ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyenifundisha kufunga turubai la lori lisipeperuke. Alikuwa dereva wa malori tangu ujana wake, akiteremsha korosho kutoka Newala hadi Masasi na kuendelea mbele. Kisha akapata kiharusi. Mkono ukarudi, mdomo ukarudi, mguu wa kushoto ukakataa.

"Mguu wa klachi ndio umegoma," alituambia, kana kwamba ni habari ya gari la mtu mwingine.

Lori akapewa dereva mwingine. Mjomba, ambaye mkewe alikuwa ameshatangulia, akahamia nyumbani kwa mama yangu pale Mkunya. Alikuwa akikaa barazani asubuhi akisikiliza malori yakipita. "Huyo anaua giaboksi," anasema. Baada ya hapo anaingia ndani kulala, na saa nne ya asubuhi haijatimia. Mama alikuwa akiniambia kwenye simu kwamba anaogopa usingizi ule kuliko alivyouogopa ugonjwa wenyewe.

Nilikuwa nimepata kompyuta iliyotumika nilipokuwa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kurudufu barua pale Masasi. Ndani yake nikaweka gemu la kuendesha malori, nikampelekea. Sikutarajia makubwa. Lakini lori lile lilikuwa linaendeshwa kwa vidole, wala halikuhitaji mguu wa kushoto. Kesho yake nikamkuta Mjomba amenyoa ndevu na amevaa shati la kola.

"Kaka, unakwenda wapi na shati hilo?" mama akamuuliza.

"Kazini. Unataka niendeshe gari la watu na fulana imechanika?"

Mama alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo hakukuwa na kulala asubuhi. Mjomba alikuwa na safari zake, anazihifadhi kila akimaliza, na kesho anaanzia pale alipoishia. Hifadhi hiyo vijana mnaiita sevu. Ya kwake ilikuwa na miezi ya kazi ndani yake: miji aliyofika, malori aliyopandishwa cheo kuyaendesha.

Tatizo lilikuwa gemu lenyewe. Lilitengenezwa kwa ajili ya mashine za kuchezea zinazounganishwa na televisheni, kisha waliolitengeneza wakalihamishia kwenye kompyuta kwa haraka haraka. Lilikuwa kama mtu aliyehama nyumba akaacha milango alikotoka. Linakuamuru ubonyeze kitufe cha kijani ambacho kwenye kibodi hakipo. Maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa. Na mvua ikianza kunyesha mle ndani, picha inakwamakwama hadi lori linaingia mtaroni.

"Hili gari limefungwa na fundi mlevi," Mjomba alisema. Alikuwa anakunja uso, anasogeza pua karibu na kioo, na nikaona siku nyingine anaacha katikati ya safari kwa kuumwa macho. Nilijua akilikatia tamaa lile gemu, atarudi kitandani.

Sasa, mwanangu, huenda unajua kwamba kuna watu duniani wanaopenda gemu hadi wanalitengeneza wenyewe pale wenye kulitengeneza walipolipua kazi. Hawalipwi. Wanakaa makwao, wanaandika mafaili ya kurekebisha kasoro, wanayaweka mtandaoni kila anayetaka achukue. Ndiyo yanayoitwa modi. Nilikwenda Newala mjini kwenye chumba cha intaneti, nikapakua modi tatu kwenye flashi. Ya kwanza ilikuwa ya kukuza maandishi, ya pili ya kuonyesha vitufe vya kibodi, na ya tatu ya kuondoa kule kukwama. Kila moja ilikuja na faili la maandishi, na juu yake limeandikwa kwa Kiingereza kwamba nisome kwanza.

Sikusoma. Asubuhi ya kuondoka ndipo nilipokumbuka kuziweka, na gari ndilo hilo linapiga honi. Nikamwaga modi zote tatu ndani ya folda ya gemu kwa mpigo. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kufuta mafaili ya zamani yaingie mapya. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nakala ya yale ya zamani sikuweka popote.

Gemu likafunguka na maandishi makubwa, meusi, yanasomeka ukiwa mlangoni. Picha inatiririka. Mjomba akashika meza kwa mikono miwili.

"Mpwa wangu! Nani amelitengeneza hivi?"

"Mimi, mjomba."

Neno lenyewe ni dogo tu. Ningeweza kusema nimezileta kutoka kwa watu. Nilikuwa na nafasi ya kusema hivyo hata kwa haraka ile, lakini uso wake ulikuwa unang'aa, na nilitaka mng'ao ule uwe wangu peke yangu.

"Dada, njoo uone!" akaita. "Mwanao ametengeneza lori!"

Nikambusu mkono, nikakimbilia gari. Mteremko mzima wa kwenda Masasi nilikuwa natabasamu kama bwana harusi.

Nilikaa Songea miezi minne. Nikimpigia simu Mjomba namwamkia, anaitikia marahaba, ananiuliza hali ya hewa ya huko. Nikimuuliza lori, anajibu, "Lori linakungoja wewe." Nacheka. Nilidhani ananitania, kwamba amenimisi.

Siku moja akapiga mama. "Saidi, mjomba wako amerudi kwenye usingizi wake wa asubuhi. Lile shati la kazini nimelifua, nimelipiga pasi, halivaliwi. Naomba uje."

Nilipofika Mkunya nilimkuta barazani, ndevu zimeota. Kompyuta imefunikwa kitambaa cha kudarizi, kile ambacho mama hukitoa kwa wageni wakubwa. Nikaiwasha. Nikafungua gemu, nikachagua kuendelea na safari yake, na gemu likajifunga. Nikajaribu tena, likajifunga tena.

"Tangu lini, mjomba?"

"Tangu siku ya tatu ulipoondoka."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kazi urudi. Mtu hakatishwi safari. Ila alikuja kijana mmoja fundi wa kompyuta, akataka kuangalia. Akasema vitu hivi vina wenyewe waliovitengeneza, tuwatafute tuwaulize. Nikamkatalia." Akaniangalia, na niliona fahari machoni mwake. "Nikamwambia aliyetengeneza ni mpwa wangu, yuko Songea, na hakuna mtu atakayeigusa kazi yake akaiharibu."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na matajiri wa kazi, nimewahi kufukuzwa kwenye chumba cha kupanga. Sijawahi kuchomwa na maneno kama yale ya upendo. Miezi minne mzee huyu alikuwa ameilinda kazi yangu dhidi ya mtu aliyetaka kumsaidia, na kazi yenyewe haikuwa yangu.

Nikapiga magoti nikamwambia. Kwamba waliotengeneza ni watu nisiowajua. Kwamba mimi nilinakili tu, tena vibaya.

Hakupandisha sauti. Alichukua fimbo yake, akaniashiria nimfuate, tukatoka polepole hadi kwenye mikorosho iliyo nyuma ya nyumba. Ilikuwa mikorosho mizee, iliyokatwa na kubebeshwa upya vikonyo, yaani vijiti vya kupandikiza, vya miti inayozaa vizuri.

"Huu tunauitaje?"

"Mzee Issa," nikajibu. Kwa kuwa vikonyo vyake vilitoka shambani kwa Mzee Issa wa Chilangala.

"Na ule?"

"Mama Hadija."

"Kwa nini hatuuiti Bakari? Kisu nilishika mimi, kamba nilifunga mimi, jua lilinipiga mimi."

Nilikuwa nimeyasikia majina yale tangu utoto na sikuwahi kujiuliza.

"Mwaka ule mti wa Mama Hadija ulipoanza kukauka ncha," akasema, "sikukaa kuutazama. Nilikwenda kwake siku hiyohiyo, nikamwambia mti wako unaumwa. Akaniuliza nimekata matawi yote kwa pamoja? Nikasema ndiyo. Akanigombeza, mtu mzima mimi, kisha akaja na panga lake akanionyesha. Ningeuita Bakari, ningekwenda kumuuliza nani? Umenyima watu jina lao, sawa, hilo ni lako na Mungu. Lakini mimi umeninyima pa kwenda."

Tukarudi ndani. Akaniambia nimsomee hayo maandishi niliyoyaruka. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa kinachechemea, ila kilitosha. Aliyetengeneza modi ya maandishi makubwa alianza kwa kusema ameifanya kwa ajili ya baba yake, ambaye macho yamepungua nguvu. Akaeleza: weka nakala ya gemu lako kabla ya kugusa kitu. Weka modi moja, jaribu, ndipo uweke nyingine. Usiiweke pamoja na ile ya kuondoa kukwama kabla ya kubadilisha mstari mmoja, nao akauonyesha, la sivyo baada ya safari mbili tatu sevu zako hazitafunguka tena. Na ukikwama, niandikie, nitakusaidia.

Mjomba alinisimamisha hapo. "Rudia la mwisho."

Nikarudia.

"Kwa hiyo huyu mtu alikuwa ameniandikia barua," akasema taratibu. "Na wewe ukakaa nayo."

Sina hakika kama nililia. Mama anasema nililia.

Kesho yake nikaenda mjini kumwandikia yule mtu. Kabla sijaondoka Mjomba akaniuliza, "Ni mkubwa au mdogo? Nimwamkie au aniamkie?"

"Sijui, mjomba. Anatumia jina la kubuni, lina herufi na namba."

"Basi mwamkie kwa 'habari za kwenu'. Hiyo haina umri."

Nikaandika hivyo. Nikakiri kila nilichofanya, na nikaambatanisha sevu ya Mjomba. Siku tano zikapita, nikienda na kurudi kwenye chumba cha intaneti. Ya sita jibu likaja. Hakunicheka. Alisema makosa hayo wengi wameyafanya, hata yeye. Akanielekeza nifute gemu niliweke upya kutoka kwenye diski, kisha modi moja moja. Sevu alikuwa ameirekebisha kwa mkono na kuirudisha. Safari mbili za mwisho zilikuwa zimepotea, akaomba radhi kwa hizo, yeye akiomba radhi kwa kosa langu.

Ilinichukua siku nzima, kwa kuwa safari hii nilisoma kila mstari na kujaribu kila hatua, na nakala niliziweka kwenye flashi mbili. Mjomba aliketi pembeni yangu bila kunihimiza. Ilipofika modi ya mwisho akanyanyuka. Nilidhani amechoka. Akarudi amevaa shati la kola.

Akachagua kuendelea na safari. Tukangoja. Lori likatokea, limesimama palepale penye kizuizi cha barabara alipoliacha kabla ya zile safari mbili, mvua inanyesha, na picha haikwami. Akaingiza gia.

Majirani walipoanza kuja kutazama, mmoja akauliza nani amelitengeneza gemu likawa zuri hivi. Mjomba hakugeuka, macho yako barabarani. "Katengeneza mtu wa mbali, jina lake sijui kulitamka, kamtengenezea baba yake. Mpwa wangu huyu ndiye aliyetuletea." Sifa ile ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, na ilinitosha. Nilikaa Mkunya msimu ule wote, jambo ambalo kwangu si dogo. Mjomba aliendesha miaka mingine mitatu kabla hajatutoka.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Utakutana na vitu vilivyotengenezwa vibaya, na utakutana na watu wema waliovirekebisha bila kukujua. Chukua walichokupa, usione haya. Lakini soma walichokuandikia kabla hujaweka mkono, maana mara nyingi shida yako wameshaijua. Weka nakala ya kile kilichokuwapo, hata kiwe kibaya namna gani. Fanya jambo moja, litazame, ndipo ufanye la pili, hata kama gari linapiga honi. Magari ni mengi. Na ukiulizwa nani ametengeneza, sema ukweli siku hiyohiyo, kwa sababu kuna mtu nyuma yako ambaye siku kikiharibika atahitaji kujua pa kwenda. Kuwa aliyeleta ni heshima ya kutosha.

Mungu akupe macho ya kuona kasoro na subira ya kuirekebisha. Akukutanishe na watu wema usiowajua majina, na akujalie uwe mmoja wao kwa mtu usiyemjua. Wazee wako wakuone wakufurahie, na safari zako zote, za karibu na za mbali, zikurudishe nyumbani salama.