Vijiti vya Guleid

Guleid alikuwa mtu mzima mwenye mke, kazi ya serikali na masharubu, na chini ya kitanda chake kulikuwa na ndege za kuchezea. Nasema za kuchezea kwa sababu mimi ni mkaidi. Yeye hakulipenda neno hilo hata kidogo.

"Za kuchezea ni zile zinazochezewa, Yarow," aliniambia siku moja, amekasirika kweli. "Hizi nani amezichezea?"

Hakuna. Hata yeye mwenyewe hakuzichezea.

Sote wawili tulikuwa makarani katika yadi ya serikali hapa Garissa, yeye wa stoo, mimi wa barua. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba. Kiswahili nilikuwa nimekipata Mombasa, miaka sita dukani kwa mjomba wangu, na pale yadi barua zote za Kiswahili niliziandika mimi. Nilijivuna nacho. Mtu akikosea ngeli mbele yangu nilimsahihisha, hata kama ni mkubwa kuliko mimi.

Ugonjwa wa Guleid ulianza mwaka 1957. Mzungu mmoja wa visima alikuwa anaenda likizo, akamwachia boksi la karatasi ngumu lenye picha ya ndege ya vita. Ndani mlikuwa na ndege hiyo katika vipande vya plastiki, kila kipande kimeshikana na kijiti chake kama jani na tawi, pamoja na karatasi ya michoro yenye namba na mishale. Mtu mwingine angevikata vile vipande, akavigundisha, akapata ndege. Guleid alivihesabu. Vikatimia arobaini na kimoja, kama karatasi ilivyosema. Akavirudisha vyote, akafunga boksi. Tangu siku hiyo hakupona.

Aliandikia duka moja la Nairobi, na madereva wa malori wakamletea maboksi mengine ya ndege, hata ya meli na malori. Wazungu walipokuwa wanaondoka mwaka 1963, wakiuza vyombo vyao nje ya nyumba, watu walipigania vitanda, taa za presha na pasi. Mimi nilipata kiti kizuri cha mbao. Guleid alipita katikati ya vyombo vyote hivyo bila kugusa kitu, akawa anauliza mlango kwa mlango, "Watoto wenu hawakuacha maboksi?" Alirudi na kumi na moja kichwani. Maneno ya Hawo, mkewe, niliyasikia yote kupitia ukutani.

Alipenda ya zamani zaidi, yale ambayo mkono wa mtu haujavunja hata kijiti. Gundi hakuitaka nyumbani kwake. "Ukishatia gundi umemaliza," alisema. "Sasa hivi bado inaweza kuwa ndege." Mimi nilicheka, lakini kazi aliyoifanya haikuwa ya kuchekesha. Joto la hapa hupinda bawa la plastiki kwa wiki moja. Kwa hiyo alinyunyiza maji sakafuni chini ya kitanda, akapanga maboksi juu ya mbao, na mbao akazisimamisha ndani ya mikebe ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Kila Ijumaa baada ya sala aliyageuza moja moja. Yale bora kabisa aliyaweka kwenye stoo ya yadi, ambako kuta zilikuwa nene.

Kufikia mwanzo wa 1966 yalikuwa sitini. Hawo aliijua hesabu hiyo kwa kuwa ndiye aliyefagia kuyazunguka. "Wenzangu wanahesabu ngamia wa waume zao," alikuwa akisema, "mimi nahesabu maboksi." Hawo alizaliwa Kotile kwa watu wa mifugo, na Kiswahili chake kiliishia kwenye sukari na chumvi. Vile vitu vya mumewe aliviita kwa alichokiona kila boksi lilipofunguliwa, yaani vijiti. *Qoryihii Guleid*, vijiti vya Guleid. Mtaa mzima ukamfuata, tukaviita hivyo hivyo.

Wakati huo vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Waliotaka jimbo letu liende Somalia walikuwa porini na bunduki, serikali ikiwaita shifta, na sisi wa mjini tulikuwa katikati, kila upande ukituangalia kwa jicho baya. Kulikuwa na saa za kutotoka nje. Kulikuwa na misako. Aliyekutwa na silaha alijua ni kamba ya shingoni.

Jumanne moja, gari la serikali lilikuwa limepigwa kwenye barabara ya Masalani siku iliyotangulia, askari wakaja mtaani kwetu. Guleid alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nyumbani na homa. Wanaume tuliokuwepo tulitolewa nje, tukaamriwa kuchuchumaa kwenye ukuta wa Guleid, mikono kichwani, na nyumba zikaanza kupekuliwa.

Askari hao walikuwa na inspekta asiyejua Kisomali, na koplo aliyedai anakijua. Koplo huyo alikuwa amekaa Wajir miaka miwili, na Kisomali chake alikipata humo humo kwenye misako. Walitoa boksi moja chini ya kitanda, wakalimwaga mbele ya mlango. Nje ya boksi, ndege inadondosha mabomu. Ndani, vipande visivyoeleweka na karatasi ya mishale. Inspekta aliigeuza ile karatasi juu chini, chini juu.

"Waa maxay?" koplo akamuuliza Hawo. Ni nini hii?

"Waa qoryihii Guleid," Hawo akajibu, tena kwa kebehi, kama alivyozoea kumteta mumewe.

Hapa lazima nieleze. Kwa Kisomali *qori* ni kijiti. Ni ukuni pia. Na bunduki nayo ni *qori*, kwa sababu ya ule mti wake. Mwenye lugha hachanganyikiwi, anajua kwa linakokaa neno. Lakini koplo yule neno hilo alilijua mahali pamoja tu. *Qoriga dhig*, weka bunduki chini, ndiyo sentensi ya kwanza aliyofundishwa.

Akamgeukia inspekta. "Anasema ni bunduki za mume wake, afande."

"Ngapi?"

"Immisa?" koplo akauliza.

"Lixdan," akasema Hawo.

"Sitini, afande."

Inspekta alibadilika uso. Ziko wapi, akaulizwa Hawo, naye akaonyesha chini ya kitanda, akaonyesha na upande wa yadi, kwenye stoo ya serikali. Kila jibu lake lilikuwa la kweli.

Nilisikia yote. Sikuwa mbali, ni hatua nne tu. Neno moja lingetosha, "vijiti", na mambo yangekwisha pale pale. Lakini nilikuwa nimemwona jirani mmoja akipigwa kitako cha bunduki kwa kuinua kichwa tu, nami nikakiinamisha changu zaidi. Kisha inspekta akasimama mbele yangu mimi hasa.

"Wewe. Unajua Kiswahili?"

"Ma aqaan," nikasema. Sijui. Nililisema hilo kwa Kisomali, mimi niliyekuwa nasahihisha ngeli za watu.

Guleid alikamatwa mlangoni mwa stoo, ufunguo mkononi. Maboksi yakabebwa hadi kambini, na kwa kuwa bunduki hazikuonekana humo, wakasema amezificha kwingine.

Hawo hakuelewa alichokuwa amesema mpaka jioni, nilipomwambia. Ndiyo, nilimwambia mimi, kupitia uani, kwa sauti ndogo. Aliketi chini. Halafu akasema jambo ambalo lilikuwa wazi kuliko yote: "Walaal, ndugu yangu, wewe Kiswahili unacho. Nenda uwaambie."

"Homa ikishuka," nikamwambia. "Kesho."

Kesho yake nilisema tumsubiri chifu. Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi, na habari zilikuwa zimefika kwamba wafungwa wa silaha watapakiwa Ijumaa asubuhi. Kupelekwa wapi, hakuna aliyesema. Waliopakiwa kabla yao hawakuwa wamerudi. Guleid, tulisikia, alikuwa anapigwa ili aonyeshe bunduki sitini, na kila akisema kwa lafudhi yetu, "Afande, ni blastiki, ni fibande fya blastiki tu," aliambiwa mke wako mwenyewe ameshasema. Hawo alikuja akasimama mlangoni kwangu. Nilimwambia kichwa kinaniuma.

Akaenda kwenye rundo lake la kuni, akachomoa ukuni mmoja mrefu, akashika njia ya kambi ya polisi.

Nilimfuata. Sijui nilitaka nini. Nilibaki nyuma yake kama hatua hamsini, nikijifanya mtu mwenye safari yake. Pale kambini mlinzi aliona mwanamke anakuja moja kwa moja, amebeba kitu kirefu, kimoja.

"Simama! Tupa chini hiyo!"

Hawo hakuelewa. Alidhani anaulizwa ni nini, na hilo ndilo swali alilokuja kulijibu. Akauinua ule ukuni kwa mikono miwili juu ya kichwa ili waone vizuri, akapiga kelele, "Waa qori! Waa qori!"

Nilisikia bunduki ikikokiwa.

"Ni kuni!" Sauti ilinitoka kabla sijajua ni yangu. "Afande usipige! Ni kuni tu! Anasema ni kuni!" Nilikuwa nakimbia, mikono juu, kanzu imenikwama magotini. Nilianguka mbele ya Hawo, nikaendelea kusema nikiwa chini, kuni, kuni, mpaka nikapigwa teke nikanyamaza.

Inspekta alitoka.

"Juzi ulikuwa hujui Kiswahili," akasema. "Umejifunza lini?"

Alinizaba kofi ambalo hadi leo naona nililistahili. Kisha nikamweleza neno lile. Koplo aliitwa, akakataa katakata: *qori* ni bunduki, Wajir nzima ni bunduki. Inspekta akamwonyesha Hawo ule ukuni.

"Hii nini?"

Nikamtafsiria swali. "Qori," akajibu.

Inspekta akaonyesha bunduki ya mlinzi. "Na hii?"

"Qori."

Akaagiza viletwe vile vipande vya plastiki, akainua kimoja na kijiti chake. "Na hii?"

"Qori," akasema Hawo, na hapo akaanza kulia.

Inspekta hakucheka wala hakuomba radhi. Alimwambia koplo aondoke mbele ya macho yake. Mimi nililala ndani usiku mmoja kwa kumdanganya askari, na Guleid alitolewa siku ile ile, sikio moja halisikii na vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjika.

Vitu vyake vilirudishwa wiki iliyofuata ndani ya gunia. Maboksi yalikuwa yamewashiwa moto wa chai kambini. Michoro pia. Vipande vya ndege, meli na malori ya karibu maboksi yote sitini vilikuwa vimekatika vijitini, vimechanganyika pamoja. Guleid alilimwaga gunia hilo juu ya mkeka, akaketi kuvitenga kwa mkono wa kushoto.

Nilikwenda kumsaidia. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Mwezi mzima, kila baada ya kazi, tulikaa pande mbili za ule mkeka tukitafuta bawa la ndege hii na gurudumu la lori lile, bila karatasi ya kutuongoza. Hawo alituletea chai, akamwekea mumewe, akaniwekea mimi, akaingia ndani. Naye hakunilaumu hata siku moja. Nilitamani anilaumu. Nilikuwa nafika pale nikiwa nimeyapanga maneno ya kuomba msamaha, nikiona mkono ule uliofungwa matambara nayameza.

Siku moja Guleid alisema, bila kuinua macho, "Hawo anasema ulikuwa hapo ukutani."

"Nilikuwepo."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na inspekta alikuuliza."

"Aliniuliza."

Akaendelea kutafuta. Alipata kipande alichokitaka, akakiweka mahali pake. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na boksi moja zima, halijafunguliwa, karatasi yake ya kung'aa ikiwa bado imelizunguka. Lilikuwa limedondoka nyuma ya madebe ya rangi kwenye stoo, askari hawakuliona. Ndilo pekee lililobaki zima katika yote sitini.

Akaliweka mapajani mwangu.

"Kaa nalo wewe," akasema. "Kwako litakuwa salama. Wewe hata ukiulizwa, hujui."

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa ameshainama tena juu ya vipande vyake. Nikalipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa kulikataa sikuweza, nikaenda nalo nyumbani.