Mkasi Uliomjua Mwenyewe

Shangazi yangu ana ulimi mwepesi na mkono wa kushoto, na vyote viwili vimemponza. Kwenye karakana tunakoshona, yeye hukata na mimi hutia vifungo. Fundi mkuu tunamwita Mzee Rula, maana rula yake ya mbao haimbanduki. Tangu Shangazi anajifunza kazi, mzee alikuwa na wimbo mmoja: "Mkono huo si wa kukatia!" Halafu rula, pa! juu ya vidole vya kushoto. Basi Shangazi akakata kwa kulia miaka nenda rudi, na kola zake zikawa zinakwenda upande. Mwishowe mzee akasema wazi: kola moja ikiharibika tena, Shangazi anatoka meza ya kukatia, anashika ufagio.

Ndipo akaja mgeni mmoja, hajulikani na mtu, suruali imechanika pasipotajika. Alisubiri kiraka amejifunga kipande cha pazia kiunoni, na muda wote alikuwa anaitazama mikono ya Shangazi. Baada ya siku chache akarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Mkasi! Mweusi, mzito, umefuliwa kwa nyundo mpaka alama zinaonekana, mpini umezungushiwa ngozi.

"Wako huu," akasema. Shangazi anafungua mdomo amuulize jina, mtu keshatoka.

Mkono wa kulia ulipoushika, mkasi ukatafuna kitambaa tu. Shangazi akasonya. Kisha akageukia ukutani, akauhamishia kushoto kwa siri, na kitambaa kikafunguka chwaa! Yule mtu alikuwa ameyapanga mabapa yake kinyume, kwa ajili ya mkono wa kushoto. Shangazi aliniambia mimi peke yangu. "Na wewe funga domo," akasema.

Tangu hapo kola zikanyooka, na kila fundi akaja kuazima. Kila aliyeazima, kitambaa kilitafunwa. Shangazi akajitia hamnazo: "Mgeni aliniambia mkasi huu unamjua mwenyewe. Kwa mwingine haukati ng'o." Uongo mtupu! Mtu mwenyewe alisema maneno mawili. Lakini wakaamini, jamani. Kwa kuwa Shangazi alikata ameelekea ukuta, wakasema anaunong'oneza. Fundi pasi akawa anauamkia shikamoo kila asubuhi.

Habari zikamfikia Mzee Rula. Akaja mezani, kifua mbele.

"Kilichomo humu ndani ni cha karakana," akasema. "Na kama kweli unamjua mwenyewe, leo tutaona. Ukinikatia mimi, ni wangu."

Shangazi akanywea. Bila mkasi ule ni ufagio, na sote tulijua. Mzee akatandika kitambaa cha koti la mteja, akakata. Ukatafuna. Akajaribu tena, ukatafuna tena. Fundi pasi akakohoa kikohozi kilichokuwa kicheko, na wengine wakainamia cherehani mabega yakiwatetemeka. Jasho likamtoka mzee, hasira zikampanda, na katika kuhangaika kwake mkasi ukahamia mkono wa pili.

Chwaa! Mstari ukanyooka toka pindo hadi pindo, bila hata chaki.

Mzee aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyekutana na ndugu yake baada ya miaka mingi. Nikajua hapo hapo kwamba naye zamani alichapwa na rula ya mtu. Nilimwonea huruma, sikatai, ila kidogo tu. Vidole vya Shangazi vina nundu mpaka leo.

"Umenikatia," mzee akasema polepole. "Ni wangu."

Uongo wa Shangazi ulikuwa umemgeukia mwenyewe. Machozi yakamlengalenga. Akayafuta kwa ncha ya futi ya kupimia, akasema kwa adabu zote:

"Ni wako, Mzee. Ila mkono huo si wa kukatia."

Lo! Mzee akauweka mkasi mezani, mpini umeelekea mkono wa kushoto wa Shangazi, akaitundika rula msumarini na kutoka nje, eti anakwenda kunywa maji.

Siku hizi Shangazi anakata ametuelekea sisi. Na Mzee Rula, aliyekuwa anavidharau viraka, akija mtu na suruali iliyochanika anamrukia, anaishona mwenyewe, anamkagua mikono. Juzi alimuuliza Shangazi kwa sauti ya chini kama anajua yule mgeni anakaa wapi.

"Mie? Nitamjulia wapi, Mzee?" Huku ananikanyaga mguu chini ya meza, maana mgeni mwenyewe anashinda jikoni kwetu kila Jumapili, anakunywa chai, kikombe mkono wa kushoto. Suruali yake haiishi kuchanika, masikini.

Nilimwambia Shangazi amhurumie mzee wa watu, amwelekeze.

"Nitamwelekeza," akasema, akijikanda vidole. "Vikishaacha kuuma."