Kiangazi Alizaliwa Marangu

Aikaeli Ebenezeri wa Pasua ni mchora mabango. Ukiona kuku aliyenona kwenye ukuta wa kibanda cha chipsi, au mwanamke mwenye shingo ndefu nje ya saluni, ujue ni mkono wake. Lakini mtaani hawamwiti kwa kuku wala kwa saluni. Wanamwita Mama Kiangazi.

Kiangazi ni jitu baya la kwenye kitabu chake cha katuni, kinachotoka kila mwezi. Ngozi imepasuka kama shamba lililokosa mvua, na akiinama mtoni, mto unakwisha. Watoto wa Pasua wanampenda kupita kiasi. Wakicheza, wanagombania kuwa yeye, na ushujaa huachiwa mtoto aliyechelewa kufika. Ndivyo dunia ilivyo, tufanyeje?

Basi wasomaji wakaanza kuuliza: huyu jamaa katokea wapi? Ishaan, mchapaji wake pale mjini, kijana mwenye haraka kuliko mashine zake, alikuwa na jibu tayari.

"Dada Aika, tuseme alianguka kutoka kwenye nyota. Kurasa nane, kazi imekwisha."

"Nyota gani?" Aikaeli akamjia juu. "Mtu mbaya haanguki kutoka juu. Ana kwao, ana mama, ana ndugu. Nipe mpaka Ijumaa."

Aikaeli alikujua kwao Kiangazi tangu siku ya kwanza alipomchora, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Kiangazi alikuwa mkulima wa kahawa mlimani, kama wewe na mimi. Maji ya mfereji wao yalikwenda kwa zamu. Mdogo wake alimaliza zamu yake, akasahau kuyaachia, akaenda zake msibani siku nne. Miche yote ya kahawa ya Kiangazi ikakauka. Mdogo mtu alipojua kosa lake, alichukua jani la sale, lile refu la kijani tunalopanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, akaenda kuomba msamaha. Na kwetu Uchagani, mtu akikuletea sale umekwisha. Hata kama kakuchomea nyumba, unasamehe. Kiangazi akalikataa. Siku hiyohiyo koo lake likakauka, na mpaka leo hakuna mto unaomtosha.

Hadithi tamu, sivyo? Ila ukiondoa ile mito, ilikuwa hadithi ya baba mzazi wa Aikaeli, Mzee Ebenezeri wa Marangu, na mdogo wake Yohana. Miaka tisa hawakusemeshana. Mama yake Aikaeli alipofariki, ndugu hao walisimama pande mbili za kaburi, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Aikaeli angeweza kufunika kombe mwanaharamu apite, achape, akae kimya. Lakini baba angejijua, na mzee yule akinuna hununa kwa miaka. Mama hayupo, akimpoteza na baba, atabaki na nani? Tena kulikuwa na jambo jingine: hakuwahi kumwona mtu akikataa sale, kwa hiyo hakujua achore mkono ukifanya nini. Jumatano akabeba karatasi zake, akapanda Marangu.

Alimkuta baba uani anamenya ndizi za supu ya mtori.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Leo umekuja na makaratasi."

Akamsomea yote, ukurasa kwa ukurasa. Kisu kikasimama kwenye ndizi.

"Huo ni uongo," mzee akasema. "Hakuna anayekataa sale."

"Wewe ulikataa, Baba."

Jamani! Kumwambia baba wa Kichaga maneno hayo, uani kwake, na kisu anacho mkononi, kunahitaji moyo wa mwendawazimu. Lakini Aikaeli hakuyameza.

"Sikukataa!" mzee akafoka. "Nilimwona anakuja, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nikachuchumaa migombani mpaka akaondoka. Mara tatu amekuja, mara tatu hakunikuta. Sasa nimekataa nini?"

Aikaeli alitaka kucheka, akajikuta analia. Jitu lake lote lile, na makucha yake, kumbe lilikuwa limechuchumaa nyuma ya mgomba, linasikiliza ndugu yake akipiga hodi. Akatoa penseli, akaanza kuchora palepale.

"Unafanya nini?"

"Nakuchora. Ijumaa kinachapwa. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini nimekwambia usoni."

"Watu watanijua!"

"Watu wanakujua siku nyingi, Baba. Mlima mzima unajua."

Mzee aliitazama ile picha mpaka ndizi zikaanza kuwa nyeusi kwenye sufuria. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Sasa mwisho wake nini? Anakufa?"

"Sijui. Ndugu yake bado yu hai."

Ebenezeri aliinuka. Alinawa mikono, akanawa miguu, akavaa koti lake la kanisani. Alipopita kwenye ua akakata sale moja, akashika njia. Aikaeli akamfuata.

Kwa Yohana mlango ulikuwa wazi. Redio inaongea, chai mezani inafuka moshi, mtu hakuna. Mzee akapiga hodi mara tatu. Kule migombani kuku wakakurupuka wakapiga kelele, kisha kimya. Baba na binti wakatazamana. Aikaeli akaona aibu.

"Twende, Baba. Tutarudi kesho."

"Siendi popote. Mimi nimemkimbia mara tatu. Na yeye akimbie mpaka achoke." Akaketi kizingitini, sale magotini.

Wakakaa. Chai ikapoa. Manyunyu yakaja yakapita. Jua likaanza kuinama na ng'ombe wa Yohana akaanza kulia zizini, kwanza kwa upole, halafu kwa hasira. Ndugu utamkimbia, bwana, lakini ng'ombe aliyejaa maziwa humkimbii. Yohana akatokea migombani, majani makavu kichwani, uso umemshuka.

Ebenezeri akainuka, akalinyoosha jani la sale kwa mikono miwili. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga njia nzima. Likatoka moja tu.

"Yohana."

Yohana alilitazama lile jani, akamtazama kaka yake. Akalipokea. Kisha akaokota ndoo ya kukamulia, akaelekea zizini, na bila kugeuka akasema, "Njoo unishikie ndama."

Ebenezeri akaingia zizini na koti lake la kanisani, akamshika ndama shingoni, akalia kwa sauti mbele ya binti yake na mdogo wake.