Nywele za Shangazi Koku

Juzi, katika saluni moja ya Bukoba mjini, nilimwona msichana akinyooshwa nywele kwa pasi ya umeme, na harufu ya nywele zilizopata moto ikanirudisha jikoni kwetu Rubya.

Mama alikuwa akipasha kitana cha chuma kwenye makaa. Alinipaka mafuta kwanza ili nywele zisiungue. Ziliungua hivyo hivyo, na sikio pia. Mbele yangu aliketi shangazi Koku, aliyekuwa amerudi nyumbani kupumzika. Nywele zake zilikuwa zimelala bila moto, laini kama ndevu za mahindi. Nilizionea wivu.

"Shangazi, unapaka nini?"

"Sipaki kitu, mwanangu. Zimelainika zenyewe."

"Basi Mungu anakupenda kuliko mimi."

Shangazi alicheka hadi kikohozi kikamshika. Mama aliinamia makaa, akayapuliza.

Leo najua kwamba Ukimwi uliwalainisha wengi nywele kabla ya kuwachukua. Wakati ule nilijua wivu tu. Jioni, tuliposali pamoja, niliomba kwa sauti nipewe nywele kama za shangazi.

Hakuna mtu mzima aliyeitikia amina.